Maelezo ya Kidondoshi cha Sibwesa

Sibwesa, Mpanda
12 Januari 1997

Mzee Gaspar,

Shikamoo. Bahasha yako imefika jana na lori la chumvi, na mpaka sasa sijapata nguvu hata ya kusonga ugali. Hivi mzee wangu, zile ni karatasi zangu au kuna mtu amechinjia kuku juu yake? Nilikutumia kurasa nne, nimeziandika wiki nzima kwa mwandiko wangu wa darasa la saba, na wewe umezirudisha nyekundu kila mstari!

Nimeandika "kopo kubwa kiasi", umezungushia: "Kiasi gani?" Nimeandika "gurudumu la kawaida", umezungushia: "La kawaida kwa nani?" Nimeandika kopo linakaa hapo juu, nawe umeandika pembeni: "Hapo wapi, mwanangu? Mimi niko Dar es Salaam." Nilicheka, kisha nikakasirika, kisha nikakaa kwenye kigoda nikashika tama.

Mwezi wa kumi na moja ulipopita kwetu ukitoka msibani Kabungu, ulisimama barabarani ukaangalia maksai wetu wakivuta plau, na kidondoshi changu nyuma kinaangusha mahindi mawili mawili kwenye mfereji bila mtu kuinama. Ulisema kitu kile kiandikiwe hataza. Nikauliza hataza ndiyo nini, ukanijibu ni karatasi ya serikali inayosema kitu hiki kimebuniwa na fulani, na mwingine asikitengeneze na kukiuza bila ruhusa yake. Nikadhani ni kazi ya siku mbili. Kumbe!

Sasa sikia hili. Jumamosi alikuja Josephat, yule mwenye karakana ya kuchomelea vyuma mjini Mpanda. Amekuja na futi ya kukunja, akapima kidondoshi changu mbele ya macho yangu, huku anakunywa maziwa yangu! Kisha akasema, "Mama, mwenye karatasi ndiye mwenye mali, na mimi Dar nitafika kabla yako." Mume wangu Masele alitaka kumtoa kwa fimbo. Mimi hata kumfukuza nilisahau.

Mzee, nataka jina langu liwe kwenye karatasi ile. Kwenye boma hili kila kitu ni cha Masele. Ng'ombe wa Masele, shamba la Masele, hata wageni nikiwapikia mimi wanasema wamekula kwa Masele. Kidondoshi ni changu. Nilikianza mwaka 1993 na nimekihangaikia mpaka vidole vikatoka damu. Nifundishe, lakini punguza wino.

Nyanzala Kija


Dar es Salaam
3 Februari 1997

Mama Ndaki,

Marahaba. Wino sipunguzi.

Miaka ishirini na sita nimekaa kwenye ofisi ya wakili nikichora na kueleza mashine za watu, nimestaafu na kiuno kibovu, na nakuambia ukweli: maelezo yako ya kwanza ni mabaya kuliko ya wahandisi wengi, lakini si mabaya kuliko yote. Usilie.

Tatizo lako ni moja. Unaandika kama unayemwonyesha mtu kwa kidole. Msajili wa hataza hana kidole chako. Anayo karatasi tu, na karatasi lazima imtoshe fundi asiyekujua, aliye mbali, ambaye hajawahi hata kuona plau yako, akisoma atengeneze kitu kilekile. Akikwama mahali, hapo ndipo hujaeleza.

Kwa hiyo fanya hivi. Tafuta fundi ambaye hajaona kidondoshi, tena mtu mwaminifu asiyeuza maneno. Mpe karatasi zako. Kaa pembeni, funga mdomo. Akiuliza swali usijibu, andika swali lake. Ukifungua mdomo umeshindwa, rudi nyumbani uanze upya. Vipimo vyote viwe milimita. Shubiri na kiganja waachie wauza vitenge.

Josephat asikutishe. Kupima si kueleza. Lakini usilale.

Gaspar Ambrosi


Sibwesa
9 Machi 1997

Mzee Gaspar,

Shikamoo tena, nimepona kicheko ndiyo naandika.

Nilikwenda kwa fundi Melkior wa Kasekese, mzee wa kanisa, anatengeneza vitanda na majeneza, siri za watu anazo tele na hajatoa hata moja. Nikampa karatasi, nikakaa juu ya gogo, nikafunga mdomo kama ulivyosema. Unajua ugumu wake? Mimi kunyamaza! Masele aliposikia alisema angelipa nauli aje aone.

Fundi akasoma, akapima, akakata, akapiga misumari. Ananiuliza, "Mama, tundu hili liangalie wapi?" Mimi kimya. "Mama, unaumwa?" Kimya. Jioni akasema tayari. Tukamimina mahindi. Jamani! Kopo lote, puu, chini! Mahindi yote kwa mara moja, kuku wa jirani wakaja mbio kama wamealikwa. Alikuwa ameligeuza kopo, mdomo chini, makalio juu. Nilitaka kupiga kelele, "Fundi huna akili!" Nikachukua karatasi yangu nisome nimwonyeshe. Sikuona popote nilipoandika upande upi ni juu.

Nilishtuka, mzee. Miaka minne nakishika kitu kile kila msimu, na sijui kukisema.

Nimeandika tena mara saba. Nimeazima rula ya mwanangu Ndaki mpaka mwalimu wake akaleta malalamiko. Juzi Melkior amesoma toleo la saba bila kuniuliza hata swali moja, na kidondoshi chake kimeangusha mbili, mbili, mbili, mpaka mwisho wa uwanja. Alivua kofia. Nimekutumia kurasa kumi na moja, na hapa nakuonyesha kipande ili ujue sasa nina adabu:

"Kopo (1) ni la bati, lenye urefu wa milimita 240 na upana wa milimita 160, lisilo na kitako. Linasimama wima, mdomo mpana ukiwa juu. Chini yake, bila kuligusa, kuna gurudumu la mbao (2) lenye meno tisa. Nafasi kati ya jino na jino ni milimita 22, inayotosha punje mbili za mahindi na isiyotosha tatu. Gurudumu la plau likizunguka, mnyororo (3) unazungusha gurudumu la mbao, na kila nafasi inapofika chini inaachia punje zake."

Nimekuwekea na picha, amenipiga mpiga picha wa mnadani. Hapo nimeshika gurudumu la mbao ulione vizuri.

Nyanzala


Dar es Salaam
2 Aprili 1997

Mama Ndaki,

Nimesoma kurasa zako kumi na moja nimesimama, kwa sababu nilianza kusoma nikielekea kitini na sikufika. Sina pa kuweka wino. Nimewafundisha vijana wa chuo kikuu wawili, hakuna aliyeniandikia "inayotosha punje mbili na isiyotosha tatu". Mwenyezi Mungu akubariki.

Kisha nikachukua picha.

Nina kioo cha kukuzia, cha kazi. Nimekiweka juu ya gurudumu la mbao ulilolishika. Pembeni ya tundu la katikati kumechongwa kwa kisu namba 1984.

Mama Ndaki, uliniambia ulianza mwaka 1993. Uliniambia pia shambani kwenu kwamba uliolewa mwaka 1987 na mkahamia huko Sibwesa na ng'ombe mwaka 1990. Mwaka 1984 ulikuwa msichana kwa baba yako, na gurudumu tayari lipo. Nimekaa nalo siku tatu, nimeligeuza kila upande, sipati jibu jema.

Nani alichonga gurudumu lile?

Si swali la umbea. Fomu ina mahali pa kuandika kila mtu aliyebuni, na unaapa. Ukiacha jina la mtu kwa makusudi, siku likijulikana hataza yote inakufa, na wewe unaitwa mwongo mbele ya serikali. Niandikie jina hilo kwa mkono wako. Jina tu. Nikilipata napeleka wiki hiyohiyo.

Gaspar Ambrosi


Sibwesa
21 Aprili 1997

Mzee Gaspar,

Shikamoo.

Jina hilo siwezi kuandika. Nakuomba kwa heshima zote, usiniulize tena. Andika langu peke yake, nami nitabeba lawama kama ipo.

Kopo ni langu, mnyororo ni wangu, wazo la mbegu ni langu. Hilo ni kweli tupu.

Nyanzala


Dar es Salaam
10 Mei 1997

Kwa Nyanzala Kija,

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko inavyostahili.

Nilidhani utasema limeokotwa, au limenunuliwa mnadani. Badala yake unaniambia jina unalijua ila huandiki. Mtu anayelijua jina la mwenye kitu na anakataa kulitaja, mimi namfahamu kwa jina moja tu, na sitaliandika hapa kwa sababu nimekula chakula chako.

Umenishtua, mama. Nimewasifia marafiki zangu habari zako. Tofauti yako na Josephat ni nini? Yeye angalau alikuja mchana na futi yake mkononi.

Faili nimelifunga. Salamu kwa Masele.

G. Ambrosi


Sibwesa
28 Mei 1997

Mzee Gaspar,

Shikamoo. Mimi ni Masele, mume wa Nyanzala. Si mwandishi, utanisamehe.

Barua yako ya mwisho nimeisoma mimi, yeye ameitupa chini akaenda kukaa zizini na ndama mpaka ng'ombe wakarudi. Hajala siku mbili. Nimeokota, nikasoma, nikakushangaa wewe mtu mzima.

Jina ni Kashinje. Ni baba yangu mzazi. Yupo hapa, ananiona naandika.

Mzee, nyie Wabende sijui mnafanyaje. Kwetu Wasukuma, kwenye ukoo wetu, mke hamtaji mkwewe jina. Halitamki, haliandiki, hata mtu mwingine mwenye jina hilo anamwita kwa njia nyingine. Miaka kumi Nyanzala amekaa na baba yangu boma moja, amempikia, amemwosha miguu alipougua, na jina lake halijapita kwenye ulimi wake. Ndiyo heshima. Wewe ulimwambia aandike jina hilo kwa mkono wake. Ulimwambia avue nguo sokoni.

Gurudumu baba alilichonga Meatu, kabla hatujahamia huku. Ilikuwa kelele ya kufukuzia ndege kwenye mtama, unazungusha linapiga ka-ka-ka. Namba nilichonga mimi nikiwa shule, utundu. Nyanzala ndiye aliyeona punje zikinasa kati ya meno na kutoka mbilimbili. Wanaume wote wa boma hili tuliliona miaka na miaka tukasikia kelele tu.

Nimemuuliza kwa nini hakuniambia mimi niandike. Amesema aliogopa. Jina la mwanaume likiingia, watasema kazi ni ya mzee, mke alishika tu. Hapo kakosa, na amekiri kakosa. Baba amesema hivi, nakuandikia kama alivyosema: "Mimi nilichonga kelele. Mbegu ni zake."

Josephat amepanda treni juzi kwenda Dar, ana begi.

Masele Kashinje


Dar es Salaam
9 Juni 1997

Mwanangu Nyanzala,

Barua ya mumeo imenifikia na nimeona haya mbele ya kuta za chumba changu. Mke wangu ananiuliza nina nini, namwambia malaria.

Nilikufundisha usimwachie msomaji kitu cha kubahatisha, kisha mimi mwenyewe nikabahatisha, nikakuita mwizi. Mimi niliyezaliwa Kabungu, niliyekua na majirani zangu Wasukuma wachache wa enzi zile, sikujiuliza hata mara moja. Nisamehe. Kama huwezi sasa, nisamehe baadaye, lakini soma haya yaliyobaki kwa sababu siku hazitoshi.

Faili nimelifungua. Majina ni mawili, la kwako la kwanza. Kwenye maelezo nimeongeza sentensi moja tu, kwamba gurudumu lenye meno lilitumika awali kufukuzia ndege, na kilichobuniwa na wewe ni kulitumia kugawa mbegu. Hakuna atakayesema ulishika tu. Mengine yote ya kurasa zako kumi na moja sikuyagusa, ni yako.

Linabaki moja, nami nimetafuta njia ya kulikwepa nikaikosa. Kuna kiapo. Nimekipiga taipu, kimo ndani ya bahasha. Mnakwenda wote wawili kwa hakimu mjini Mpanda, mnakaa mbele yake pamoja, na kila mmoja anasoma kiapo kwa mdomo wake: jina lake na jina la mwenzake. Kama baba mkwe hajui kusoma, atasomewa na kurudia. Wewe unajua kusoma. Hakuna wa kukusomea. Nimemuuliza wakili wangu wa zamani, amenicheka.

Mwanangu, sijui utafanyaje. Josephat ameonekana hapa mjini, anatafuta mtu wa kumwandikia maelezo.

Gaspar


Sibwesa
24 Juni 1997

Mzee Gaspar,

Shikamoo. Kiapo hiki hapa, kina muhuri. Majina mawili, sahihi yangu na dole gumba lake.

Peleka. Usiniulize kitu.

Nyanzala


SIMU YA MAANDISHI
DAR ES SALAAM 4 JULAI 1997
KWA NYANZALA KIJA SIBWESA MPANDA
MAOMBI YAMEPOKELEWA LEO YAMEGONGWA MUHURI. MAJINA MAWILI. JOSEPHAT BADO ANATAFUTA MWANDISHI. ULIWEZAJE. GASPAR


Sibwesa
20 Julai 1997

Mzee Gaspar,

Shikamoo. Simu yako imesomwa na karani wa posta kwa sauti, na watu wote waliokuwa wakisubiri barua wakapiga makofi bila kujua wanapigia nini. Mimi nilikaa chini pale pale kwenye sakafu. Jina langu lina muhuri! Masele amechinja dume la mbuzi. Nimekusamehe, lakini ile barua ya Mei naiweka, siku ukinitia wino mwekundu nitakurudishia.

Umeuliza niliwezaje. Nilisema usiniulize, ila wewe ndiye uliyenifundisha kutoacha kitu. Basi nakueleza.

Tulifika kwa hakimu saa nne, mimi, baba mkwe na Masele. Hakimu ni mwanamke kijana, miwani, mpole. Mzee alikaa kwenye kiti upande wangu wa kulia, kati yetu nafasi ya mtu mmoja, kama inavyopasa. Akasomewa, akarudia. Alitaja jina langu vizuri kabisa. Ikafika zamu yangu. Nikasoma, "Mimi, Nyanzala binti Kija, naapa kwamba nimebuni kidondoshi hiki kwa kushirikiana na..." Hapo ulimi ukafa. Mzee, sikudanganyi, ulikufa. Jasho likanitoka mgongoni. Hakimu akasema, "Endelea, mama." Nikarudia tangu mwanzo, nikafika palepale. Mara tatu. Akasema kwa upole kwamba kama siwezi tuje mwezi ujao, ana watu wengine. Akilini nikamwona Josephat na begi lake huko Dar.

Ndipo baba mkwe akainuka. Nikajua amekasirika, anaondoka. Kumbe anataka kutoka nje asisikie, ili mimi niseme bila kukosa adabu! Hakimu akasema hapana, sheria inataka muwe wote ndani. Mzee akasimama akifikiri. Kisha akarudi kwenye kiti, akakaa wima, akaweka fimbo yake kati ya magoti, akatia vidole viwili masikioni.

Mzee wa miaka sabini na kitu, mwenye wajukuu ishirini na wawili, mbele ya serikali, vidole masikioni kama mtoto anayeogopa radi! Hakimu aliangalia dirishani. Masele aliinamisha kichwa. Mimi nikashtuka mpaka ulimi ukafunguka wenyewe. Nikalisema. Nikalisema lote, na la baba yake, nikamaliza kiapo mpaka nukta.

Nikamgusa mkono wa kanzu, hajawahi kuguswa na mimi ila miguu ile alipougua. Akatoa vidole. "Umemaliza?" Nikasema, "Nimemaliza, baba." Akaweka dole gumba, tukatoka.

Tulirudi na lori, tumekalia magunia ya karanga. Masele alikuwa amesinzia. Tulipopita Kasekese mzee akaniambia, bila kunitazama:

"Vidole vyangu vimekonda siku hizi. Haviwezi kuziba vizuri."

Nikataka kuruka chini ya lori. Nikasema, "Baba, ulisikia?"

"Nilisikia." Akashika ukingo wa lori kwa mkono. "Tangu mama yake Masele afe, hakuna mwanamke aliyenitaja Kashinje. Nilidhani nitaingia kaburini sijalisikia tena. Umelisema vizuri, mwanangu."

Nyanzala Kija